Adapta ya Bluetooth, ya Wi-Fi, kisomeo cha mkononi au mashine ya fundi: ipi ikusomee injini?

Vitz, Passo na Note nyingi zinazozunguka Nairobi hazina mshale wa joto. Dashibodi ina taa ya buluu inayozimika injini ikishapata moto, na taa nyekundu inayowaka mambo yakiwa yameshaharibika. Katikati hapo dereva hajui lolote. Maji yanaweza kupanda kutoka nyuzijoto 90 hadi 108 kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa na dashibodi isiseme neno. Wakati huohuo kompyuta ya injini inalifuatilia joto hilo bila kupumzika, na itamjibu yeyote atakayeiuliza kupitia soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani.

Tatizo ni kuchagua cha kuiuliza nacho. Kuna adapta za kuchomeka zinazotuma data kwa simu, kuna visomeo vya mkononi vyenye waya na skrini yake, na kuna mashine ya fundi. Mwenye haraka achukue jibu hili: kama gari lako ni la 2009 kuja huku na unataka kuona joto, chaji ya betri, misimbo ya makosa ya injini na hali ya mchanganyiko wa mafuta, nunua adapta ya Bluetooth 4.0 ya daraja la kati, weka programu ya Car Scanner kwenye simu, basi. Kama gari ni la zamani zaidi, au taa inayokusumbua ni ya ABS (breki) au ya mfuko wa hewa, soma kwanza kabla hujatoa shilingi.

Gari kwanza, adapta baadaye

OBD-II, kiwango cha pamoja cha kuisoma kompyuta ya gari, ilikuwa lazima Marekani kuanzia magari ya modeli ya 1996. Ulaya ilifuata, petroli mwaka 2001 na dizeli 2004. Japani ilikwenda na ratiba yake, na magari yetu mengi yalitengenezewa soko la Japani lenyewe. Ndiyo maana Probox ya 2004 huwachanganya watu: soketi ni ileile ya pini 16, adapta inaingia, taa yake inawaka, halafu programu inazunguka dakika tano na kusema haikupata kompyuta. Adapta haina kosa. Gari linaongea lahaja nyingine.

Kenya hairuhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo yaliyoshushwa Mombasa miaka ya karibuni hayana shida hii. Yenye shida ni yale yaliyoingia zamani na bado yako barabarani: Corolla NZE, Premio na Wish za mwanzo, Subaru za miaka hiyo.

Piga goti, washa tochi ya simu uitazame soketi. Upande mpana ukiwa juu, safu ya juu ni pini 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Pini 16 ni umeme wa betri. 4 na 5 ni ardhi. Ukiona chuma kwenye 6 na 14, gari lina mtandao wa CAN, njia ya kisasa ya kompyuta za gari kuongea, ambao kwenye injini kwa kawaida huenda kilobiti 500 kwa sekunde, na karibu adapta yoyote nzima itausoma. Ukiona 7 bila hizo mbili, ni laini ya K, njia ya zamani ya waya mmoja, kilobiti 10.4 tu kwa sekunde. Hapo unahitaji adapta isiyopunguzwa amri, pamoja na programu kama Torque inayokubali uandike amri za kuanzia mazungumzo kwenye wasifu wa gari. Bila hivyo utalaumu simu bure.

Kwa Toyota za zamani zisizojibu kabisa, kuna njia isiyo na gharama. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha pini 4 na pini 13 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga injini, uhesabu mimweko ya taa ya injini. Mimweko 2, kituo kifupi, mimweko 5, ni msimbo 25: mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa iliyopo inavyohitaji. Mimweko ya haraka isiyokatika maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka. Ukigusanisha 16 na 4 utachoma fyuzi, na hapo hata adapta nzuri haitawaka.

Adapta za simu

Jina ELM327 lililo kwenye kila kiboksi cha adapta madukani Barabara ya Luthuli ni la chipu ya kampuni ya Elm Electronics ya Kanada. Toleo lake la kwanza halikuwa na kinga ya kunakiliwa, likanakiliwa, na tangu hapo soko limejaa nakala. Kampuni yenyewe ilifunga mwaka 2022. Kwa hiyo namba ya toleo iliyochapishwa juu ya plastiki haikuambii kitu. Elm hawakuwahi kutoa v1.5, ilhali nakala nyingi zenye nafuu hujiita v1.5, na nyingi zinazojiita v2.1 zimekatwa amri kadhaa. Dalili za iliyokatwa: inasoma CAN lakini haigusi laini ya K, inakatika baada ya dakika chache, au inakubali programu moja na kukataa nyingine zote. Kwenye Android kuna programu iitwayo ELM327 Identifier inayojaribu amri moja moja na kuonyesha zilizopita. Mwenye duka akikubali uijaribu ndani ya gari lako kabla ya kulipa, huyo ni wa kununua kwake.

| Aina | Simu | Inapofaa | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Nakala ya Bluetooth ya kawaida | Android tu | Kusoma na kufuta misimbo, joto, volti | Ubora wa bahati nasibu, haina usingizi (haijizimi gari likizimwa) |
| Nakala ya Wi-Fi | Android na iPhone | iPhone ya zamani | Inapora intaneti ya simu, haina nywila |
| Bluetooth 4.0 (mf. Vgate iCar Pro) | Zote mbili | Matumizi ya kila siku | Kuoanisha kwa njia isiyo sahihi |
| OBDLink MX+ na LX | MX+ zote, LX si ya iPhone | Kurekodi data, haibridi, laini ya K | Bei |

Nakala za kawaida hupatikana kwa chini ya shilingi elfu mbili. OBDLink utaagiza, na itapita elfu kumi bila kuuliza. Kasi ndiyo tofauti kubwa: nakala ya kawaida hukupa kadiri ya vipimo 5 hadi 10 kwa sekunde kwenye CAN, na kwenye laini ya K hupungua zaidi. Ukitazama joto pekee, inatosha na kubaki. Ukifungua vipimo 12 kwa pamoja, kila kimoja kinapata zamu mara moja kwa sekunde au chini ya hapo, na sensa ya oksijeni inayopanda na kushuka haraka itaonekana kama imekwama. Watu wameshabadilisha sensa nzima kwa sababu ya adapta polepole. Funga vipimo vingine, acha viwili.

Ya Wi-Fi tungeiacha dukani. Simu ikishaungana nayo inadhani imepata intaneti. Android nyingi zitagundua hakuna kitu na kurudi kwa bando, data ya injini ikatike. iPhone itang'ang'ania, na ramani ikunyime njia katikati ya Westlands. Tena nyingi hutangaza mtandao usio na nywila, hivyo aliyesimama kando yako kwenye taa anaweza kuingia. Zilikuwa na maana enzi ambazo iPhone haikukubali adapta nyingine. Siku hizi Bluetooth 4.0 imelimaliza hilo.

Halafu kuna suala la betri. Pini 16 ina umeme hata gari likiwa limefungwa, na nakala isiyo na usingizi hula takriban miliampea 40 mchana na usiku. Hiyo ni karibu saa-ampea 1 kwa siku. Betri ndogo ya Vitz ni ya saa-ampea 35 hivi ikiwa mpya. Ukienda ushago kwa basi wiki mbili za Desemba ukaiacha adapta imechomekwa, utarudi ikiwa imepoteza 13, ukiongeza zile ambazo gari lenyewe hula kwa alamu na redio. Betri ya miaka mitatu haitapiga. Adapta zenye usingizi hushuka hadi miliampea chache, lakini hata hizo tunashauri zitolewe. Soketi nyingi ziko karibu na goti, na goti likigonga kila siku pini hulegea.

Kuunganisha bila kuhangaika

Injini ikiwa imezimwa, chomeka adapta hadi mwisho, kisha washa swichi hadi taa za dashibodi ziwake. Adapta isipotoa hata mwanga, angalia fyuzi. Kwenye Toyota nyingi imeandikwa OBD na ni ya ampea 7.5.

Kosa la kawaida liko hapa. Bluetooth ya kawaida unaioanisha kwanza kwenye mipangilio ya simu, kwa PIN 1234 au 0000, ndipo unafungua programu na kuichagua. Bluetooth 4.0 ni kinyume: usiioanishe kwenye mipangilio kabisa, ichague ndani ya programu yenyewe. Ukishaioanisha kwa njia ya kwanza simu inaishika na programu haiipati. Isahaulishe, anza upya. Android pia hudai ruhusa ya mahali, na matoleo ya 12 kwenda juu ruhusa ya vifaa vya karibu. Mtu akibonyeza kukataa bila kusoma, adapta haitaonekana hata ikiwa nzima. Ya Wi-Fi hutumia anwani 192.168.0.10 na mlango 35000. Programu nyingi huzijaza zenyewe.

Namba za Nairobi si namba za kitabuni

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na adapta ya elfu moja mia tano inaweza kukuokolea makumi ya maelfu ukijua unachokiona.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa Mombasa ni kilopaskali 101. Hapa ni 82 hadi 84. Washa swichi bila kupiga injini, tazama kipimo cha MAP, yaani shinikizo la hewa kwenye manifoldi. Ukiona 83, sensa ni nzima. Majedwali ya mtandaoni yataandika 101, na fundi anayeyasoma bila kufikiri atakuuzia sensa mpya ambayo nayo itasoma 83. Ukipanda Limuru itashuka hadi karibu 78. Piga injini iache itulie ikiwa moto: 25 hadi 35 ni sawa. Ikisimama 45 au zaidi bila kiyoyozi kuwashwa, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, au injini imechoka.

Maji nayo huchemka hapa kwa nyuzijoto 94 au 95 yakiwa wazi. Ndani ya rejeta yanazuiwa na kifuniko chenye springi, kwa hiyo 95 kwenye simu si hatari kifuniko kikiwa kizima. Kifuniko kilicholegea, ambacho ni kitu cha bei ndogo Barabara ya Kirinyaga, hubadilisha 96 ya kawaida kuwa maji yanayomwagika. Joto la kawaida la Toyota ndogo ni 84 hadi 95. Feni huwaka, linashuka, linapanda tena. Likipita 100 ukiwa kwenye foleni na feni haijaanza, zima kiyoyozi, washa hita, tafuta pa kusimama.

Kipimo kinachopuuzwa ni joto la chini. Mafundi wengi hung'oa thermostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, wakisema nchi hii ina joto haiihitaji. Panda Barabara ya Thika kwa kilomita 80 kwa saa uitazame simu: ukiona 65 na haipandi, thermostati haipo au imekwama wazi. Kompyuta inadhani injini bado baridi, inaongeza petroli, na wewe unalaumu kituo cha mafuta. Msimbo wake ni P0128, ingawa si kila gari huutoa. Na asubuhi kabla ya kupiga injini iliyolala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana, tofauti ya nyuzi 3 au 4. Yakiachana sana, moja ya sensa hizo inadanganya.

Sasa msimbo unaoongoza kwa kuuza vipuri visivyohitajika: P0171. Unasema mchanganyiko una mafuta machache, na ujumbe huo umetoka kwa sensa ya oksijeni, basi fundi anaanza na mleta habari: "Mkubwa, ni sensa ya oksijeni, tubadilishe." Kabla ya kukubali, fungua kipimo cha LTFT. Hiyo ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Kati ya -5 na +5 ni afya, kupita 10 upande wowote kuna jambo. Soma injini ikiwa moto na imetulia, uandike. Kisha shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika moja, uandike tena, ukijumlisha na STFT, ile ya papo kwa papo. Ikiwa +18 imeshuka hadi +3, hewa inavuja baada ya bodi ya throto: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi, bomba la kupumulia injini. Uvujaji ni uleule, ila kwenye mizunguko ya juu unamezwa na hewa nyingi. Ikiwa imebaki palepale au imepanda, tazama upande wa petroli: pampu, chujio, nozeli, au sensa ya MAF (ya kupima hewa inayoingia) iliyojaa vumbi na inayohitaji tu kupulizwa dawa yake. Majaribio haya mawili huchukua dakika tatu.

Volti ya betri isome kwa tahadhari. Adapta za bei ya chini hupima umeme zenyewe na hukosea kwa volti 0.2 hadi 0.5. Programu nyingi zina kipimo cha pili, volti ya kompyuta ya injini; amini hicho. Injini ikifanya kazi, 13.8 hadi 14.5 ni kawaida, lakini Mazda na magari mengine ya karibuni hushusha chaji makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo 12.8 kwa dakika kadhaa haimaanishi alteneta imekufa.

Programu

Torque ni ya Android pekee na ndiyo bora kwa magari ya laini ya K. Car Scanner ni ya simu zote na ina orodha ndefu ya wasifu wa magari, chagua wa gari lako badala ya ule wa jumla. Mazda na Ford wachukue FORScan Lite. Mwenye CX-5 au Demio ya dizeli ataihitaji kutazama masizi yaliyojaa kwenye chujio cha moshi, maana safari fupi za foleni haziachi chujio kipate moto wa kujisafisha. Aqua na Prius wana Hybrid Assistant na Dr. Prius, zinazoonyesha volti ya kila kundi la seli za betri kubwa. Kundi moja likishuka chini ya wenzake ukikanyaga mafuta, ndilo linalokufa. Kwa hili usitumie nakala ya bei ya chai.

Kisomeo cha mkononi na mashine ya fundi

Kisomeo cha waya, kama Ancel AD310 au Konnwei KW850, hakioanishwi, hakidai ruhusa, hakihitaji simu yenye chaji. Unachomeka, kinasoma. Kwa mwenye magari matatu ya biashara na madereva wasiotaka mambo ya programu, ndicho cha kununua. Kinasoma yaleyale ya adapta lakini skrini yake ndogo haifai kufuatilia vipimo ukiwa safarini, na wala usijaribu.

Vyote hivi, adapta na kisomeo, kimsingi huona injini tu. ABS, mifuko ya hewa, giaboksi ya CVT na funguo za kuzuia wizi viko kwenye kompyuta nyingine zenye lugha ya kiwanda. Car Scanner na wenzake hufikia baadhi, si yote. Mashine kubwa kama Launch X-431 hufikia, na zaidi ya kusoma huamuru: washa feni, zima nozeli ya pili, toa hewa kwenye breki za ABS, choma masizi ya dizeli. Kwa kazi hizo mlipe fundi. Kuna adapta kama ThinkDiag zinazoleta uwezo huo kwenye simu, ila programu za kila aina ya gari hulipiwa kwa mwaka. Hesabu mara ngapi utaitumia. Ukienda kwa fundi, mwombe picha ya skrini yenye namba za misimbo kabla hajafuta chochote. Msimbo ukifutwa, picha ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea (joto, mizunguko, mzigo) hufutika pamoja nao, na hiyo mara nyingi ina thamani kuliko msimbo wenyewe.

Ukienda kutazama gari la kununua

Hapa adapta ya simu inaishinda mashine kubwa, kwa sababu inaingia mfukoni. Kwenye yadi za Ngong Road au nyumbani kwa muuzaji, taa ya injini iliyozimika haina uzito. Kuifuta ni kazi ya sekunde 5. Angalia kwanza swichi ikiwashwa kabla ya kupiga injini: taa ya injini lazima iwake. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa au kuiziba.

Kisha tafuta vipimo viwili: umbali tangu misimbo ifutwe, na idadi ya mara injini imepata moto tangu hapo. Tazama pia orodha ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia, ya masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, ya sensa za oksijeni, ya mvuke wa petroli. Gari la kawaida litaonyesha maelfu ya kilomita na majaribio mengi yamekamilika. Ukikuta kilomita 6 na majaribio yote hayajakamilika, betri ilitolewa au misimbo ilifutwa asubuhi hiyo. Muulize muuzaji lini alibadilisha betri, na uitazame kama ni mpya kweli. Kama si mpya, omba gari liendeshwe siku mbili tatu, kilomita 80 hivi zenye mji na barabara kuu, urudi na adapta yako mwenyewe.